Fundi Bila Wakimbiaji: Kabla Hujalilia Namba Kumi

Dirisha la usajili likifunguliwa, baraza za kahawa hazilali mapema. Jaws Corner, Michenzani, Chake Chake, Wete, ubishi ni ule ule wa mwaka jana, majina tu yamebadilika. "Yakhe, timu yetu imekosa fundi. Tukipata mtu wa pasi ya mwisho, kazi imekwisha." Mwenzake, kikombe hakijatoka mdomoni: "Fundi gani huyo, sheikh wangu? Hakabi, harudi, akiguswa yuko chini. Paundi milioni mia za nini?" Mmoja anahesabu asisti, zile pasi zilizozaa bao, mwengine anahesabu mechi alizopotea. Birika linamalizika, muuza kahawa anakusanya vikombe vyake, na kila mtu anaondoka na lile lile alilokuja nalo.

Hawasikilizani kwa sababu wote wawili wanabishania uzuri wa mchezaji, na hapo hapana kesi. Mtu aliyefika bei hiyo ni mzuri, wasaka vipaji wa klabu chungu nzima wameshamtazama. Cha kubishania ni timu anayokwenda. Nani atamletea mpira? Akishageuka nao, nani atakuwa keshaanza kukimbia? Na akiupoteza, nani kasimama nyuma yake? Kipa mzuri akiwa kwenye timu mbovu ndiyo kwanza anaonekana. Fundi wa pasi akiwa kwenye timu isiyokimbia anafifia, kwa sababu nusu ya kazi yake iko kwenye miguu ya watu wengine.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, muombe muuza kahawa vikombe kumi vitupu uvipange hapo hapo barazani. Vinne mstari wa nyuma, vinne mbele yake, viwili mbele kabisa. Hiyo ni timu iliyopaki basi, yaani imejazana nyuma kulinda lango, kwa 4-4-2. Uwanjani, mstari na mstari huachana mita 8 hadi 12, na mistari yenyewe haitanuki sana kupita mita 40, ilhali uwanja una upana wa mita 68. Pembeni wamekuachia kwa makusudi: pita huko, piga krosi, mabeki wao warefu wanasubiri kuupiga kichwa. Pahala wasipotaka ufike ni ule upenyo kati ya vikombe vya nyuma na vya katikati. Weka kipande cha kashata hapo. Huyo ndiye namba kumi, fundi wetu wa pasi ya mwisho.

Sasa mpe mpira. Kikombe kimoja cha beki wa kati kina mambo mawili ya kufanya. Kikitoka kuifuata kashata, nyuma yake pamebaki tundu. Kikibaki, kashata inageuka na kulitazama lango bila bughudha, mita 20 tu. Kumlazimisha beki achague kati ya makosa mawili, ndiyo kazi nzima ya namba kumi. Pasi yenyewe tunayoipigia makofi huja baadaye. Lakini vitazame tena vikombe vyako. Beki ametoka, tundu limefunguka, na hakuna mtu wa kulipita. Winga kasimama kwenye chaki ya pembeni anautaka mpira miguuni. Straika kaipa lango mgongo, naye anautaka miguuni. Basi fundi atarudisha mpira nyuma, beki atarudi kwenye mstari wake, tundu litazibika, na aliyekaa pembeni yako atasema: "Huyu naye anapiga pasi za nyuma tu."

Kosa si lake. Ila bei itaandikwa jina lake.

Wachambuzi hugawa uwanja visanduku 18, sita kwa urefu na vitatu kwa upana. Uwanja wa mita 105 ukiugawa mara sita unapata mita 17.5 kwa kila kisanduku, karibu sawa na eneo la penalti lenye mita 16.5. Kisanduku nambari 14, cha katikati, mbele kidogo ya eneo la penalti, ndicho kiti cha namba kumi wa zamani. Siku hizi kiti hicho kimejaa watu, maana namba sita, kiungo mkabaji wa timu pinzani, kawekwa pale kwa kazi hiyo tu. Kwa hivyo mafundi wa sasa wamehamia kando kidogo. Ugawe uwanja kwa njia tano za kwenda mbele, kila moja inapata mita 13 na nusu hivi. Njia ya pili na ya nne ndizo zenye mali. Ukisimama hapo uko baina ya beki wa kati na beki wa pembeni, na kila mmoja anadhani wewe ni mtu wa mwenzake. Halafu mwili wako unatazama lango kwa mshazari, unaona winga, unaona straika, unaona nguzo ya mbali, vyote kwa pamoja. Krosi zile za Kevin De Bruyne akiwa Manchester City, zinazopigwa chini chini au nusu hewani baina ya kipa na mabeki, nyingi zilitoka kwenye njia hiyo ya kulia. Msimu wa 2019/20 alifikisha asisti 20 za ligi, akaifikia rekodi ya Thierry Henry ya 2002/03. Mpiga krosi wa pembeni kabisa kwenye chaki hana pembe ile.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuuchunga hapa. Fundi akikosa mpira huko juu, huanza kushuka. Anashuka mpaka miguuni mwa mabeki wake wa kati, anauchukua, anaupanga. Macho ya kawaida yanamsifu: leo kagusa mpira mara 90! Kweli kagusa, lakini kagusia pahala ambapo namba sita wa bei ya kawaida angeweza kugusa vilevile, na kule juu ameacha kiti kitupu. Timu sasa ina watu watatu wa kupeleka mpira na hakuna wa kuupokea. Ukiona hivyo mechi tatu mfululizo, usimlaumu yeye kwanza. Tazama kama wale viungo wawili wa nyuma wanaweza kupiga pasi ya chini ya mita 20 ikakata mstari. Kama hawawezi, klabu ilianza kununua paa kabla ya kuta.

Namna ya kumtazama

Televisheni inaufuata mpira, na kazi ya mtu huyu inafanyika kabla mpira haujamfikia. Hivyo aliyemtazama kwenye skrini peke yake amemwona nusu. Mtu aliyezoea kukaa juu kwenye jukwaa, Amaan au Gombani, anajua tofauti yake: kutoka juu mistari yote miwili unaiona, na unamwona nani kakimbia bila kupewa. Klabu kubwa hununua picha za kamera inayoonesha uwanja mzima kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tusio nazo, tufanye kwa mkono. Chukua karatasi, chagua dakika 20 za kipindi cha kwanza na 20 za mwisho wa mechi, na usiufuate mpira. Mfuate yeye.

Kitu cha kwanza ni shingo. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza ili ajue kila mmoja anageuza kichwa mara ngapi kutazama kilichomzunguka kabla ya kupokea mpira. Frank Lampard alikuwa juu kabisa, mara 0.62 kwa sekunde, yaani kama mara sita ndani ya sekunde kumi. Huhitaji mashine kuhesabu hilo. Fundi asiyegeuza shingo anapokea mpira kisha ndipo anatafuta, na kwenye upenyo wa mita kumi anayetafuta baada ya kupokea keshakabwa.

Kitu cha pili ni mguu anaopokelea. Mwenye kujua hupokea kwa mguu wa mbali na ule mpira unapotokea, mwili kaugeuza nusu, hivyo mguso wa kwanza tayari unampeleka mbele. Anayepokea kwa mguu wa karibu, mgongo kwa lango, anahitaji miguso mitatu kufika pale pale. Miguso mitatu ni sekunde mbili, na sekunde mbili zinatosha mstari wa vikombe kujipanga upya.

Cha tatu, weka alama kila anapopiga pasi ya mbele huku ana mtu mgongoni. Pasi za mbele akiwa huru usizihesabu. Hizo anapiga kila mtu.

Cha nne ndicho kinacholeta ugomvi: anapoteza mpira wapi. Kupoteza mpira kwa mtu wa kazi hii si aibu. Anayejaribu pasi ngumu atakosea, na kiungo mchezeshaji mwenye usahihi wa asilimia 93 mimi namtilia shaka kuliko mwenye 78, maana huenda yule wa 93 anacheza mpira wa salamu alaikum, nakupa unanipa. Lakini kuna kupotezea kwenye eneo la penalti la adui, pasi imekosa inchi moja, na kuna kupotezea duara la kati wakati mabeki wote wawili wa pembeni wako juu. La kwanza ni gharama ya biashara. La pili ni bao. Ukikuta kwenye karatasi yako alama nyingi za aina ya pili, basi swali la nani yuko nyuma yake linakuwa kubwa kuliko maswali yote.

Tahadhari moja ya kwetu. Kuanzia mwisho wa Oktoba saa za Uingereza zinarudi nyuma, na mechi za saa tisa alasiri kwao zinaanza saa 12 jioni hapa. Adhana ya Magharibi inaingia mapumziko hayajafika. Ubishi mwingi wa "hakuonekana kabisa kipindi cha kwanza" umetolewa na watu waliorudi ukumbini mapumziko yakianza.

Hesabu za asisti na uongo wake

Asisti ni hesabu ya mchezaji mwengine. Fundi anaweza kumpa mtu pasi ya mita mbili, mtu akapiga shuti la mita 30 likaingia, akaandikiwa asisti. Kesho anampitishia straika mpira baina ya mabeki watatu, straika anaupaisha juu ya mtambaa panya, na haandikiwi kitu. Kwa hiyo siku hizi hutazamwa asisti tarajiwa, ile inayoandikwa xA: kila pasi hupewa uzito kulingana na uwezekano wa kuzaa bao, bila kujali mpigaji alifanya nini. Mtu mwenye xA ya 0.3 kwa kila dakika 90 anatengeneza thamani ya bao moja kila mechi tatu na kidogo. Mechi 38 za ligi akicheza zote ni mabao 11 hivi. Ukishaijua hesabu hiyo, yale maneno ya "atatuletea asisti 25" yanapungua makali.

Kisha zitoe kona na faulo. Ikiwa mchezaji alikuwa ndiye mpiga kona wa klabu yake na asisti zake nusu zimetoka huko, na wewe nyumbani una mpiga kona mzuri, basi nusu hiyo hainunuliki. Unailipia mara mbili. Penalti vivyo hivyo kwenye mabao yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mesut Özil. Arsenal walimtoa Real Madrid 2013 kwa paundi milioni 42.5, rekodi ya klabu kwa wakati huo. Msimu wa 2015/16 alitengeneza nafasi 146 kwenye ligi, na asisti zikawa 19. Hesabu iliyobaki ni ya wapigaji. Arsenal walimaliza wa pili, na bingwa alikuwa Leicester City, timu ya 4-4-2 isiyokuwa na namba kumi hata mmoja: Kanté anaiba, Drinkwater anapiga mrefu, Vardy keshakimbia, Mahrez yuko pembeni na mguu wake wa kushoto. Sisemi Leicester walikuwa mafundi kuliko Özil. Nasema wao walikuwa na wakimbiaji, na pasi moja ya kawaida kwa mtu anayekimbia ina thamani kuliko pasi ya maajabu kwa mtu aliyesimama. (Na kwa wanaopenda sadfa: miaka kumi baadaye, 2023, Chelsea walimchukua Cole Palmer kwa jumla ya milioni 42.5 hizo hizo, nyongeza zikihesabiwa. Msimu wake wa kwanza wa ligi ulikuwa na mabao 22 na asisti 11. Penalti tisa zimo humo, zitoe mwenyewe uone kilichobaki. Bado ni kingi.)

Pale mambo yalipokaa sawa, tazama Bruno Fernandes alivyofika Manchester United Januari 2020 kutoka Sporting, dau la kuanzia Euro milioni 55. Mechi 14 za ligi, mabao 8, asisti 7, na United hawakufungwa hata moja kati ya hizo, wakamaliza wa tatu. Watu walisema kaleta miujiza. Alichokikuta ni Rashford, Martial na Greenwood, watu watatu ambao asili yao ni kukimbilia nyuma ya mabeki na ambao kwa nusu msimu walikuwa wanakimbia bila kuletewa kitu. Nyuma yake kulikuwa na Matić na Fred wa kuokota alivyovipoteza, na Bruno anapoteza vingi, hilo hata wampendao wanakubali. Maswali yote matatu yalikuwa na majibu kabla hajapanda ndege.

Miezi saba baadaye klabu hiyo hiyo ikamsajili Donny van de Beek kutoka Ajax, paundi milioni 35 na nyongeza. Kiungo mzuri, aliyefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019. Lakini alikuwa anataka kusimama pale pale aliposimama Bruno. Kiti kimoja, watu wawili. Aliondoka 2024 kwenda Girona kwa pesa ndogo mno. Barcelona nao walifanya kosa hilo kwa bei ya kutisha: Philippe Coutinho, Januari 2018, dau lililotajwa kufika paundi milioni 142. Njia ile ya kati aliyoizoea ilikuwa ni uwanja wa Messi, wakamsukuma pembeni kushoto ambako alikosa kasi ya kazi hiyo. Agosti 2020, akiwa Bayern kwa mkopo, aliwafunga Barcelona mabao mawili katika kipigo kile cha 8-2.

Na Liverpool waliomuuza? Hawakutafuta namba kumi mwengine. Walileta Van Dijk na Alisson, wakapanga viungo watatu wa kukimbia na kukaba, na kazi ya kutengeneza nafasi wakawapa mabeki wa pembeni: msimu wa 2018/19 Trent Alexander-Arnold alitoa asisti 12 za ligi na Robertson 11. Wakachukua Ligi ya Mabingwa. Kocha wao, Klopp, alikuwa na kauli yake ya siku nyingi kwamba hakuna mchezeshaji anayeshinda kuukaba mpira papo hapo unapoupoteza, kwa sababu ukiuiba karibu na lango lao vikombe vyote viko shaghalabaghala na pasi yoyote inatosha. Ni hoja nzito dhidi ya kununua fundi, na anayelilia fundi inafaa aijibu kabla hajaendelea.

Jibu lake lipo. Kukaba kwa juu kunakufaa dhidi ya timu inayotaka kucheza. Timu inayopaki basi haikupi mpira wa kuuiba, inaubutua. Ukishakuwa bingwa, mechi nyingi katika 38 ni za basi. Ndiyo sababu ile ile Liverpool, ikiwa imetwaa ubingwa, ilirudi sokoni 2025 ikatoa paundi milioni 100 na nyongeza ya 16 kwa Florian Wirtz wa Bayer Leverkusen. Na mechi za mwanzo za ligi zilipita bila bao wala asisti, kelele zikaanza. Leverkusen alikuwa na mfumo uliojengwa ili mpira umfikie akiwa kwenye ile njia ya pili, na mabeki wa pembeni wanaopanda juu sana kumfungulia nafasi. Hayo huyahamishi kwenye sanduku la nguo.

Nyumbani

Nyumbani mfano wa kiti kimoja ni Clatous Chama. Alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, mitaa ya Mjini ilikaribia kupigana. Lakini tazama alikokwenda: Aziz Ki yupo, ametoka kuwa mfungaji bora kwa mabao 21. Pacome yupo. Maxi yupo. Wote wanataka mpira baina ya mistari. Simba ilikuwa imejengwa imzunguke yeye, Yanga ilikuwa na wazungukwao tayari. Tena alikuwa na miaka 33. Mtu anaweza kubaki fundi yule yule na thamani yake ikapungua kwa kuvuka barabara tu.

Upande wa pili ni mtoto wa hapa, Feisal Salum. Yanga alicheza misimu mingi katika nafasi za kiungo, mara namba nane, mara namba kumi. Azam wakamweka karibu zaidi na lango, wakampa uhuru wa kuingia eneo la penalti akitokea nyuma, pale ambapo mabeki hawana wa kumkabidhi. Msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Aziz Ki, na Azam wakamaliza wa pili mbele ya Simba. Hakujifunza kupiga mpira mwaka huo. Alisogezwa mita 15.

Klabu za Bara zina hesabu nyengine ambayo huku barazani haitajwi: nafasi za wageni zina kikomo, msimu wa 2024/25 zilikuwa 12. Fundi wa kigeni anayecheza mechi za nyumbani tu, kwa sababu ugenini kocha anataka watu wa kukaba, amekula nafasi nzima kwa nusu ya kazi. Kiungo wa Kizanzibari hahesabiwi kwenye nafasi hizo, na sijui kwa nini watu wanasahau kulitaja hilo wakati wa kulinganisha bei.

Kwa klabu zetu za Ligi Kuu ya Zanzibar jibu langu ni fupi. Ikiwa mechi zako nyingi unazicheza wewe ukiwa ndiye mwenye basi, tafuta winga mwenye mbio na beki wa kati anayejua kupiga pasi moja ndefu. Mlandege walibeba Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024, la pili kwa bao 1-0 mbele ya Simba yenye bajeti isiyolinganika.

Turudi kwenye bei, maana hapo ndipo ubishi unapokosa hesabu. Ada ya paundi milioni 100 haiandikwi kwenye vitabu yote kwa siku moja. Hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Mkataba wa miaka mitano, milioni 20 kwa mwaka. Chelsea walipoanza kutoa mikataba ya miaka minane ili kuipunguza hesabu hiyo, UEFA na baadaye Ligi Kuu ya Uingereza zikaweka kikomo: mgao usizidi miaka mitano hata mkataba ukiwa mrefu zaidi. Ongeza mshahara. Tuseme, kwa mfano tu, paundi 200,000 kwa wiki: milioni 10.4 kwa mwaka. Jumla milioni 30.4. Zigawe kwa mechi 38, ni paundi 800,000 kila mechi ya ligi, acheze asicheze. Sheria za Ligi Kuu ya Uingereza zilikuwa zinaruhusu hasara ya milioni 105 kwa miaka mitatu, kwa hiyo mtu mmoja wa namna hiyo anaweza kula sehemu kubwa ya pumzi ya klabu. Pesa hiyo hiyo ingeweza kununua winga anayekimbia, namba sita na beki wa kushoto.

Umri nao unaingia humo. Wa miaka 22 akishindwa, bado utampata mnunuzi. Wa miaka 29 akishindwa, unabaki naye. Ila wa miaka 29 unamjua, karatasi yake imejaa. Mimi kwa fundi ningekwenda kwenye miaka 23 hadi 26, na ningelipa zaidi kwa mtu aliyekwisha kubadilisha ligi mara moja akafaulu, kwa kuwa kuhama ndiko kunakowaua wengi wao.

Akishasajiliwa, mpeni dakika 900, yaani mechi kumi kamili, na ile karatasi iendelee. Usihesabu asisti katika hizo 900. Hesabu mara ngapi winga kaanza kukimbia kabla fundi hajaugusa mpira. Mechi ya kwanza itakuwa mara moja au mbili, kwa sababu hawajamwamini bado, mtu hakimbii mita 40 kwenye jua kwa pasi asiyoitegemea. Ikifika ya sita na hesabu inapanda, tulieni hata kama hana bao. Ikibaki pale pale, muulizeni winga.